Flashi ya ndoa: nunua mwangaza, usinunue jina

Kila siku ya posho, mu Kolwezi sawa vile mu Likasi na mu Lubumbashi, magari ya ndoa yanatoka ku komini yakipiga honi, yanapita ku kanisa, kisha yanaishia mu sali ya feti. Mbele ya gari la kwanza hakukosi kijana mwenye aparei ya foto shingoni. Wengi kati ya vijana hawa walikuwa watumikaji wa mugodi. Mukataba wa kampuni ndogo ya sutretansi umeisha, dekonti finali imelipwa, na mutu anajiuliza: hizi feza niziweke wapi? Mumoja ananunua pikipiki ya taksi, mwingine anafungua duka la unga, na mwingine anasema: mimi nitapiga foto za ndoa.

Mimi ni delege wa sinidika. Kazi yangu ni kusimama upande wa mutumikaji. Lakini ni miaka mingi sasa, siku za posho, nabeba pia aparei ya foto, na vijana wananijua kwa njia zote mbili. Ndiyo sababu maulizo yanayofika ku mulango wangu si ya mushahara tu. Kuko moja linarudi sana: "Papa delege, aparei niko nayo, sasa nikamate flashi gani?" Nimelijibu mara nyingi, mutu kwa mutu. Leo nalijibu hapa, ili jibu liwafikie wengi mbele hawajafungua mufuko wa feza.

Ulizo hili ni la mukate. Mutu anayepiga foto za paspoti akikosa, anamwambia mukliya akae tena. Ndoa hairudiwi. Bibi arusi anaingia mara moja, pete inavalishwa mara moja, muzee wa familia aliyetoka Kamina ao Sandoa kwa kubariki watoto anasimama mara moja. Kijana mumoja wa komini ya Manika aliweka karibu nusu ya dekonti yake ku flashi moja ya jina kubwa, ya okaze, bila batri ya pili na bila chaja yake ya kweli. Ku ndoa yake ya tatu, mbele ya keki kukatwa, flashi ikanyamaza. Familia ikakata nusu ya bei, na ilikuwa na haki. Flashi yenyewe haikuwa mubaya. Ilikuwa flashi isiyolingana na kazi.

Flashi inafanya kazi namna gani

Mwanzo, watu walipiga foto za usiku kwa unga wa magneziumu. Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa ule unga mu 1887. Ulikuwa unawaka kwa kishindo, unajaza moshi, na uliunguza wengi. Karibu na 1930 zikakuja taa za kioo, kila moja inawaka mara moja tu, kisha unaitupa. Mu miaka ile ile ya 1930, mwalimu mumoja wa Marekani, Harold Edgerton, alifungua njia ya flashi ya umeme inayowaka mara elfu na elfu. Ni kwa mwangaza wa flashi tunajua leo usiku wa Kinshasa wa miaka ya 1950 na 1960, ule Jean Depara aliopiga mu baa na mu dansi, na feti za vijana wa Bamako ambazo Malick Sidibé alipiga.

Flashi ya leo, ile ndogo inayokaa juu ya aparei, iko na vitu vitatu ndani. Batri inatoa umeme. Kondensa inaukusanya na kuupandisha mupaka karibu volti 300. Taa ya gazi ya zenoni inautoa wote kwa mupigo mumoja. Kisha kondensa inaanza kujaza tena. Kule kujaza tena kunakamata muda, na ule muda ndio unaamua kama utapata foto ya pili ao utakosa. Bibi arusi akirusha bukee, hatakungojea sekonde tano.

Neno moja la usalama, kwa sababu sisi watu wa mugodi tunajua ajali inatoka ku kitu kidogo. Usifungue flashi kwa bisibisi ukifikiri umeme umekwisha juu umetoa batri. Kondensa inaweza kubakia imejaa muda mrefu, na volti 300 si mchezo.

Namba ya boksi

Ku boksi ya flashi kuko namba inayoitwa namba kiongozi, mara nyingi 58 ao 60. Muuzaji atakuonyesha ile namba sawa vile dereva anaonyesha kilometri 220 ku tablo ya gari. Ujue maana yake. Ukigawanya ile namba kwa diafragma ya lenzi, unapata ni metri ngapi flashi inafika kwa nguvu yote, ISO ikiwa 100. Namba 36 na diafragma 4: ni metri 9.

Kwa nini nimetia 36 na si 60? Kwa sababu ile 60 imepimwa wakati kichwa cha flashi kimekaza mwangaza kabisa, sawa tochi yenye mushale mwembamba. Ndoa hatupigi hivyo. Tunapiga familia nzima, watu kumi na wawili pa musitari mumoja, na lenzi pana. Kichwa kikifunguka kwa lenzi ya milimetri 35, ile flashi ya 60 mara nyingi inashuka chini ya 40. Basi ukilinganisha flashi mbili, uliza namba ya milimetri 35 ya zote mbili. Muuzaji asipoijua, angalia mu kitabu kidogo kilicho ndani ya boksi.

Kuko pia sheria ya mwangaza isiyo na rafiki. Ukienda mbali mara mbili, mwangaza unabakia robo. Mutu wa metri 2 anaangazwa vizuri, yule wa metri 4 anapata robo tu ya kile mwenzake amepata. Ndiyo sababu foto nyingi za feti kwetu ziko na uso mweupe mbele na giza nyuma, utasema watu walikuwa wanakula mu pango. Kununua flashi yenye nguvu zaidi hakutengenezi hii. Kinachotengeneza ni fasi ambapo mwangaza unatokea. Nitarudia hapo chini.

Batri njo moyo

Mutumikaji anayeshuka chini ya udongo hachagui taa kwa rangi yake. Anauliza: itawaka saa ngapi? Itafika mwisho wa poste? Flashi ya ndoa ni hivyo hivyo. Poste yako inaanza asubui ku komini, inaisha usiku kati, wakati shangazi wa bibi arusi wanaanza kucheza vizuri.

Kuko njia mbili. Ya kwanza ni flashi inayokula pile nne ndogo, zile za AA. Uzuri wake: pile zinapatikana kila duka, mupaka ku kijiji. Ubaya wake: pile za kawaida za kutupa zinachoka haraka. Mwanzo zinajaza flashi vizuri, nyuma ya foto mia moja unaanza kuhesabu sekonde. Ukikamata njia hii, nunua pile za kuchaji za NiMH, zile zinazobakia na umeme hata zikikaa wiki mbili mu mufuko. Eneloop ni jina moja linalojulikana tangu 2005, lakini angalia kopi. Nunua pile 12: nne mu flashi, nne mu mufuko, nne ku chaja. Ziandike kalamu A, B, C, na usichanganye pile ya A na ya B. Pile moja choka inavuta zingine tatu chini, sawa mutu mumoja anayelala mu timu ya wanne.

Njia ya pili ni flashi yenye batri yake ya litio. Kwa mufano, Godox V860II, kiwanda kinasema foto karibu 650 kwa nguvu yote na batri moja. Godox V1, ile ya kichwa cha muviringo iliyotoka mu 2019, foto karibu 480, na inajaza tena mu sekonde 1 na nusu. Zile za pile nne, ku nguvu yote, zinafika karibu 200 na kitu, na kila kujaza kunapita sekonde 2. Hizi ni namba za kiwanda, batri ikiwa mupya. Ukiwa na feza ya kuchagua, litio inashinda kwa ndoa. Lakini batri ya litio ikifa, haupati nyingine ku duka la muhogo. Basi, flashi ya litio bila batri ya pili usiinunue. Weka bei ya batri ya pili ndani ya bei ya flashi tangu mwanzo.

Kwetu kuko tena ulizo la umeme. Barrage za Nzilo na Nseke ziko mu jimbo letu la Lualaba, lakini delestaje haijali. Siku ya tano usiku unaweka chaja, asubui unakuta umeme ulienda. Kuko chaja za batri zinazoingia ku waya wa USB. Kwa mutu wa Ulaya ni kitu kidogo, kwetu ni sababu ya kuchagua, kwa sababu unaweza kuchaji mu gari ao ku pawabenki wakati musafara unatembea kutoka kanisa kwenda sali. Na usiweke chaja yako moja kwa moja ku grupu ya sali. Ile grupu inapandisha na kushusha umeme kila didje anapoongeza sauti.

Kuko namna ya kupata batri ya bure. Vijana wengi wanaacha ISO ku 400 kwa kuogopa foto yenye vumbi, na flashi inapiga nusu ya nguvu kila mara. Pandisha ISO kutoka 400 mupaka 1600: sasa flashi inahitaji robo tu ya mwangaza wa kwanza. Kutoka nusu ya nguvu unashuka ku moja ya nane. Batri inayotoa 480 kwa nguvu yote, kwa hesabu ya karatasi, inatoa zaidi ya 3.800 ku moja ya nane. Hautazifikia zote, lakini utamaliza ndoa. Flashi inajaza tena mara moja, haipati joto, na ukuta wa nyuma ya watu unaonekana, kwa sababu aparei inakamata pia mwangaza wa sali. Aparei nyingi za miaka kumi iliyopita zinabeba ISO 1600 bila shida.

Kumbuka na hili: ukipiga nguvu yote mara makumi bila kupumuzika, flashi inapata moto na inajifunga yenyewe ao inapunguza mwendo. Si kuharibika, inajikinga. Lakini mukliya hatakubali maelezo hayo.

Kichwa kigeuke

Kitu ambacho singekubali kukosa ni kichwa kinachopanda na kinachogeuka pande zote, kushoto, kuume na nyuma. Flashi iliyoelekea mbele moja kwa moja inapiga uso wa mutu sawa taa ya kamio. Jasho na mafuta ya uso vinangaa, kivuli cheusi kinabakia ku ukuta. Ngozi yetu nyeusi ni nzuri sana ku foto wakati mwangaza ni mupana na unatoka kando: unaona sura ya shavu, unaona kitambaa cha libaya. Mwangaza mukali wa mbele unafuta vyote hivi na kuacha doa nyeupe pa kipaji.

Basi unageuza kichwa ku plafoni ao ku ukuta wa nyuma yako. Plafoni inakuwa taa kubwa. Lakini angalia rangi yake. Plafoni nyeupe ya metri 3: vizuri kabisa. Plafoni iliyofunikwa vitambaa vya zambarau vya dekorasio: bibi arusi atatoka zambarau. Pale utafute ukuta mweupe, ao umupe musaidizi kartoni nyeupe ya kushika. Sali kubwa yenye mabati juu, metri 6 ao 7, inakula mwangaza mwingi. Pale ISO inapanda 3200 na unasogea karibu na watu.

Na feti nyingi zetu zinafanyika mu parseli, chini ya bashi. Bashi nyeupe inasaidia, bashi ya buluu inageuza wote kuwa wagonjwa. Kama hakuna kitu juu, ni nyota tu, kichwa kilichogeuka juu kinatupa umeme mbinguni. Hapo unatoa flashi juu ya aparei, unaiweka mu muwavuli mweupe, mutu anaishika kando ya metri 2. Kwa hiyo flashi iwe na uwezo wa kupiga mbali na aparei, kwa redio.

Yenyewe ihesabu, ao wewe uhesabu?

Flashi za TTL zinapima zenyewe: zinatupa mwangaza kidogo wa kujaribu, aparei inahesabu, kisha mupigo wa kweli unatoka. Flashi za manuali, wewe ndiwe unachagua: nguvu yote, nusu, robo, mupaka moja ya 128. Za manuali ni bei ya chini sana.

TTL ni nzuri wakati umbali unabadilika kila mara: maandamano ya kuingia, watu wanatupa feza juu ya wachezaji, watoto wanapita mbele yako. Lakini TTL inadanganyika na nguo. Robe nyeupe ikijaa mu foto, inafikiri kuko mwangaza mwingi, inapunguza, na uso wa bibi arusi unatoka giza. Kostime nyeusi ya bwana arusi, inafanya kinyume. Ukiwa na TTL, jifunze kuongeza kidogo kwa robe nyeupe na kupunguza kidogo kwa kostime.

Manuali ni nzuri wakati umbali haubadiliki: foto za familia, meza ya heshima, keki. Unapima mara moja, na foto arobaini zinatoka sawasawa. Kwa mutu anayeanza na feza kidogo, nasema bila haya: anza na manuali. Itakufundisha mwangaza. Kuko vijana wa Katuba na wa Kamalondo wanaopiga ndoa nzuri na flashi mbili za manuali, na wenye TTL ya bei wanaharibu.

Mbili ndogo, si moja kubwa

Ukiniuliza neno moja tu la kushika, ni hili: feza yako igawanye ku mwangaza wa mbili. Sababu ya kwanza ni ajali. Flashi moja ikianguka kutoka meza, ndoa inaendelea. Sababu ya pili ni foto yenyewe. Flashi moja juu ya aparei inageuka plafoni. Ya pili unaiweka ku pembe ya sali, juu ya muguu wa chuma wa metri 2 na nusu, nyuma ya wachezaji, ku moja ya 16. Sasa ile giza ya nyuma imekwisha. Watu wa nyuma wanaonekana, mabega ya wachezaji yanapata musitari wa mwangaza. Hii ndiyo tofauti kati ya foto ya dola 1 na albamu ambayo mukliya anaonyesha majirani. Funga mufuko wa muchanga ku muguu ule, kwa sababu watoto wanakimbia na wazee wanacheza.

Kwa bei, nasema zile za kawaida za inje. Ku Lubumbashi na Kolwezi zinapanda, kwa safari na dwane ya Kasumbalesa:

Mutu wa feza kidogo: flashi mbili za manuali zenye redio ndani, sawa Godox TT600 ao Yongnuo YN560 IV, karibu dola 65 mupaka 80 moja, telekomande yake, pile 12 za kuchaji, muguu mumoja, muwavuli mumoja.

Mutu wa kati: flashi moja ya TTL ya litio, dola 200 na kitu, batri ya pili, na flashi moja ya manuali ya jamaa ile ile ya redio kwa pembe ya sali.

Mutu ambaye kazi imeshamulipa: anaongeza taa kubwa ya kubeba sawa Godox AD200, ya nguvu ya wati-sekonde 200, zaidi ya mara mbili ya flashi ndogo. Hii ni kwa foto za inje wakati jua ni kali na kwa sali za mabati. Kuko majina makubwa zaidi, Profoto, Canon, Nikon. Ni vyombo vizuri, lakini bei ya moja ya hizo inanunua vifaa vyote vya mutu wa kati, na ikiharibika, fundi hayuko karibu.

Redio za kampuni moja hazisikii redio za kampuni nyingine. Chagua jamaa moja na ubakie ndani yake. Na ukiwa mu kikundi, kamateni jamaa moja wote, ili muweze kuazimana siku ya shida.

Aparei yako inaikubali?

Hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Flashi za TTL zinatengenezwa kwa aparei moja: ile ya Canon haitapima ku Nikon wala ku Sony. Angalia herufi ya mwisho ya jina: kwa Godox, C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. Tena, Canon ametoa aparei za bei ya chini, sawa EOS 4000D na 250D, bila ile pini ya katikati pa kiti cha flashi. Flashi ya manuali ya kawaida haitawaka pale juu. Kijana ananunua, anarudi nyumbani, anapiga: kimya. Anafikiri flashi imekufa. Kwa hiyo usiende ku duka bila aparei yako mukononi.

Na zile flashi za zamani za miaka ya 1970 na 1980 zinazokuja mu mizigo ya okaze kutoka Ulaya, ziogope. Zingine ziko na volti nyingi pa muguu, na zinaweza kuchoma aparei ya dijitali mara moja. Uzuri wa bei unakula aparei nzima.

Mu duka, mbele ya kulipa

Vaa roho ya kapita anayepokea vyombo vya kazi. Fanya haya mbele ya muuzaji, na kama anakataza, toka.

Tia batri yako ao yake iliyojaa, piga nguvu yote mara kumi, na uhesabu kwa sauti muda wa kujaza. Ikifika sekonde 5 ao 6 wakati batri ni mupya, acha.

Geuza kichwa pande zote. Kikikaa bila nguvu, sawa shingo ya kuku, acha. Ingiza muguu wa flashi ku aparei, ufunge, usicheze-cheze.

Angalia batri ya litio: ikiwa imevimba hata kidogo, usiikamate. Iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Jaribu redio: mutu asimame inje, metri 15, na ukuta mumoja kati. Piga mara ishirini. Zote ishirini ziwake.

Uliza karatasi ya garanti na siku ngapi unaweza kurudisha. Andikisha namba ya flashi ku fakture.

Ukiisha kununua, itunze. Ikikaa bila kazi, kila mwezi tia batri na upige mara kadhaa, kondensa isilale. Batri ya litio usiihifadhi tupu kabisa. Ukisafiri kwa ndege, batri za akiba zinaingia mu mufuko wa mukono, si mu valizi ya chini. Na ile iliyokufa usiitupe mu moto wa takataka wa parseli.

Tusisahau batri ile inatoka wapi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa mu dunia inatoka kwetu, kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na batri nyingi za litio ziko na kobalti ndani. Inatoka hapa ikiwa udongo, inarudi kupitia Kasumbalesa ikiwa batri ya makumi ya dola. Jirani yako aliichimba kwa mukono wake. Hii ni sababu nyingine ya kuinunua kwa akili na kuifanya ilipe ndani ya nyumba zetu.

Dekonti si ya kumaliza siku moja

Sasa naongea sawa delege. Dekonti ni mushahara wa jasho ambao hautarudi mwezi ujao. Usiingize yote mu vyombo. Nasema kwa vijana wangu: kwanza ondoa chakula cha miezi mitatu, ondoa feza ya masomo ya watoto. Kinachobakia, gawanya: nusu vyombo, nusu ikae kwa safari, kwa kuchapisha foto, kwa ndoa ambayo mukliya atachelewa kulipa. Flashi haifanyi kazi bila wakliya.

Kuko njia nyingine tunayoijua vizuri: likelemba. Vijana wanne, kila mumoja na aparei yake, wanatoa kila mwezi sehemu moja, na zamu inaenda kwa mumoja: mwezi huu flashi, mwezi ujao flashi ya pili. Wakati wanangojea, wanaazimana. Siku za posho za mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, ndoa zinajaa, na kila mutu atahitaji chombo chake. Panga zamu zimalizike mbele ya hapo. Andikeni ku karatasi nani analipa chombo kikivunjika. Urafiki bila karatasi unavunjika pamoja na chombo.

Na mbele ya kununua chochote, fanya ndoa moja na chombo cha kuazima. Nenda kwa mupiga foto mumoja mukubwa wa mutaa, umwambie: "Yaya, nitakubebea flashi bure siku hii ya posho, uniache nione." Wengi watakubali, mukono wa musaidizi haukatazwi. Usiku mumoja wa kushika flashi ya mwenzako chini ya bashi utakuonyesha uzito wake, joto lake na saa ambayo batri yake inachoka. Kisha uende ku duka, na aparei yako mukononi.